Chupa mbili za Mchile: ipi nimpelekee baba mkwe?

Shofa wa Kasapa
Jambo bandugu. Mimi ni shofa, naendesha mainjinia wa mgodi wa shaba kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mmoja wao, Mchile, amemaliza mkataba wake. Siku ya kumpeleka uwanja wa ndege mzigo ulipita kilo, akafungua valizi palepale, akanipa chupa mbili. Moja nyekundu, imeandikwa Carménère. Ya pili nyeupe kama maji: Pisco Reservado, Elqui, 40°. Kwa Kifaransa chake cha shida akaniambia zote ni za zabibu.

Basi nikajua ni divai nyekundu na divai nyeupe. Nyeupe nikaitia kwenye frigo. Jumapili shemeki akaja, nikamjazia glasi ya maji, ile kubwa. Akapiga nusu kwa mkupuo. Bandugu, mtu alisimama, akatoka nje, akashika mti wa embe. Aliporudi aliuliza neno moja tu, jina la pombe kali ya kienyeji ya kwetu: "Lutuku?"

Hii ni kitu gani? Na Jumamosi naenda Likasi kwa baba mkwe, mzee aliyestaafu mgodini, divai anaijua. Nimpelekee ipi? Pisco imebaki robo tatu.

Mama Depo
Pole kwa shemeki. Chupa iliyofunguliwa haiendi kwa mkwe, hata ingekuwa ya dhahabu. Hilo limekwisha.

Peleka Carménère, na umpelekee na hadithi yake, wazee wanapenda. Hiyo zabibu ni ya Bordeaux, Ufaransa. Karne ya 19 kukaingia mdudu mdogo anayekula mizizi, mashamba yakafa, na walipopanda upya wakaiacha, watu wakaamini imepotea. Kumbe miche yake ilikuwa imeshavuka bahari hadi Chile, ikachanganyika na zabibu nyingine, Merlot, na Wachile wakaiita Merlot miaka yote hiyo. Walishangaa tu kwa nini Merlot yao nyingine inachelewa kuiva. Mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, akatazama mizabibu shambani akasema: huyu si Merlot. Mtoto alikuwa kwa jirani, kapewa jina lingine!

Ina ladha ya pilipili hoho kwa mbali. Mwambie mama mkwe atengeneze michopo, nyama ya kuchoma. Na usiitie barafu, tafadhali, nakuomba.

Mtoto wa Katuba
Shofa, shemeki wako hakukosea sana. Mama yangu mdogo alipika lutuku, minerval yangu, ada ya shule, ilitoka humo, kwa hiyo pipa nalijua. Njia ni ileile: kitu kinachacha, unakichemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka. Sisi tunaanza na mahindi na muhogo. Wao wanakamua zabibu, inakuwa divai, halafu hiyo divai ndiyo inapikwa.

Kazi iko kwenye kukata. Matone ya kwanza yananuka dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mama mdogo aliyamwaga chini. Jirani yake aliona hasara, akayachanganya, na wateja wake waliamka na kichwa kama ngoma. Wapishi wa pisco nao wanaita vilevile: kichwa na mkia vinatolewa, moyo ndio unabaki. Na mtungi wao ni wa shaba, kwa sababu shaba inashika ile harufu ya kibiriti. Mchile wako alitoka kwenye shaba akaja kwenye shaba.

Ila usimwambie Mperu kwamba pisco ni ya Chile. Mji wa Pisco uko Peru, kusini ya Lima, na huko ni marufuku kutia maji baada ya kupika, wala hailali kwenye mbao. Chile wanaruhusu vyote viwili. Wachile nao mwaka 1936 walichukua kijiji kimoja cha bonde la Elqui wakakipa jina jipya, Pisco Elqui, ili mabishano yaendelee vizuri.

Kuinywa: kwao Chile wanaichanganya na Koka, wanaita piscola. Vidole viwili vya pisco, barafu, Koka juu. Kuna na ile ya limau, sukari na ute wa yai mbichi. Hiyo ya yai nimewaachia wenyewe.

Shofa wa Kasapa
Asanteni sana. Nimetoka Likasi. Mzee alisoma karatasi ya chupa akiwa na miwani, akainusa, akanyamaza. Halafu: "Hii si Merlot." Nikamwambia Baba, hadithi ndiyo hiyo! Amenizuia mpaka saa tatu usiku akitaka nimrudilie habari ya yule Mfaransa na mizabibu.

Pisco tumeinywa na Koka. Shemeki amekubali, ila glasi anajimiminia mwenyewe sasa.

Mama Depo
Ukipata nyingine, ya kwangu usiifungue.