Tupeane uzoefu: Kuunganisha Outlook, Thunderbird na simu kwenye seva ya barua pepe

Fundi wa Nyegezi

Wakuu, habari za majukumu. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo hapa Mwanza: maduka ya dawa, vyama vya ushirika, nyumba za wageni, wahasibu. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni ya "barua pepe imegoma". Na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Seva ipo, intaneti ipo, ila programu iliyoko mezani inaongea na seva kwa namna ambayo seva haiikubali, au haiikubali tena. Wakati huo oda ya mteja imelala huko na zabuni inafungwa saa nne asubuhi.

Naomba tupeane uzoefu. Tusiishie kwenye "weka IMAP itakubali". Taja programu ya kusomea barua (Outlook, Thunderbird au ya simu) na toleo lake, seva ni ya Gmail, ya Microsoft au ya kampuni ya hosting (inayokodisha nafasi kwenye seva), porti zilizokubali (namba za milango ya seva), na ujumbe wa kosa uliokuwa unatokea. Hapo mwenzako atajipima.

Naanza. Ofisi ya mhasibu, kompyuta moja yenye Outlook iliyounganishwa kwa POP3 (njia ya zamani ya kupokea barua), porti 110, bila ulinzi wowote njiani. Bosi akanunua simu, akaweka akaunti ileile, kila akifungua anakuta patupu. POP3 ilivyopangwa pale ni kama kijana wa ofisi mwenye ufunguo wa sanduku la posta: anakwenda kila baada ya muda na kubeba kila kitu, ukifika wewe huambulii hata bahasha. IMAP, njia nyingine ya kupokea, inaacha barua zikae kwenye seva, na kila kifaa kinaona kitu kilekile, hata alama ya kwamba barua imeshasomwa.

Kazi iko kwenye kuhama. Wengi wanafuta akaunti ya POP, wanaweka ya IMAP, kisha barua za miaka yote hazionekani, kwa sababu zilikuwa kwenye faili la PST (ghala la barua la Outlook) ndani ya diski ya ile kompyuta. Kwenye seva hazipo. Kwa hiyo kwanza nilinakili PST kwenye diski ya nje. Nikaizuia akaunti ya POP isipokee tena, bila kuifuta. Nikawauliza watu wa hosting sanduku lina nafasi kiasi gani, maana mzigo wote unarudi kwao. Ndipo nikaongeza akaunti ya IMAP pembeni, kupokea porti 993 kwa SSL/TLS (ulinzi unaofunga mazungumzo njiani), kutuma porti 465, nikaanza kuburuta folda moja moja, mwaka kwa mwaka, nikisubiri ipande yote kabla ya kugusa inayofuata. Ile ya zamani iliondolewa siku mhasibu mwenyewe alipofungua ankara za zamani kwenye simu ya bosi na kuridhika.

Na mkikuta PST ya muundo wa zamani, wa Outlook 2002 kurudi nyuma, msiicheleweshe. Ukomo wake ni GB 2, na ikigota hapo huwa inaharibika.

Mama Leja

Hamjambo wadau, nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi ni mhasibu, si fundi, lakini hili limenifundisha mengi kwa sababu barua za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) na za wateja wangu zote hupitia Gmail, na mimi napenda kuzisomea kwenye Outlook.

Nilikuwa na Outlook 2010. Mwaka 2022 ikaanza kuuliza pasiwedi kila dakika. Naandika, inauliza tena. Pasiwedi ni sahihi kabisa, kwenye kivinjari inafungua. Nikitazama, kosa lenyewe lilikuwa na namba 535 na maneno kwamba jina na nenosiri havikubaliki. Sababu ni kwamba kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu zinazoingia kwa nenosiri la kawaida peke yake kwenye akaunti za watu binafsi. Akaunti za kampuni za Workspace (huduma ya Google ya maofisini) zilifuata mwaka 2025.

Kuna njia mbili. Programu mpya hukufungulia ukurasa wa Google wenyewe, unaingia pale, unakubali, basi. Hiyo inaitwa OAuth2. Programu ya zamani kama yangu haiijui njia hiyo, kwa hiyo unawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, halafu unatengeneza nenosiri la programu: herufi 16, Google inakuonyesha mara moja tu. Hilo ndilo unaliandika kwenye Outlook badala ya nenosiri lako. Seva ni imap.gmail.com porti 993, na smtp.gmail.com porti 465 au 587.

Jambo ambalo halisemwi sana: ukibadilisha nenosiri lako la Google, manenosiri ya programu yote yanafutwa. Usishangae Outlook kunyamaza siku hiyo. Tengeneza jipya.

Kibarazani

Assalaam alaykum. Niko Unguja, naangalia mitambo ya hoteli ndogo mbili tatu pwani ya mashariki. Barua zao ziko kwenye hosting ya kawaida yenye cPanel (ukurasa wa kusimamia hosting), na anwani ni za jina la hoteli.

Kadhia yetu kubwa ni cheti, yaani hati ya kidijitali ambayo seva huonyesha kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Unaweka mail.jina-la-hoteli kama seva, Thunderbird inakataa, inasema cheti ni cha jina jingine. Vijana wa mapokezi wamezoea kubonyeza kukubali ili kazi iende. Mimi hili nalipinga kwa nguvu zote. Barua za hoteli zina pasipoti za wageni, na mara nyengine namba za kadi. Ukimzoesha mtu kukubali cheti asichokijua, siku atakapokaa mtu katikati ya njia na cheti chake cha uongo, naye atakubaliwa vilevile.

Fungua cheti, soma jina lililoandikwa mle. Mara nyingi utakuta ni jina la seva yenyewe ya kampuni ya hosting, kwa sababu seva moja inabeba domeni (majina ya mtandaoni) za watu wengi. Basi andika jina hilo kwenye sehemu ya seva, kupokea na kutuma, na lalamiko linaondoka. Au waambie hosting watoe cheti kinachoitambua mail ya domeni yako. Ndani ya cPanel, kila akaunti ya barua ina ukurasa wa kuunganisha vifaa unaoonyesha jina la seva na porti zake. Soma pale, usikisie. Na jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @. Ukiandika kipande cha mbele tu, seva inakukatalia.

Vyeti vya bure vya Let's Encrypt huishi siku 90. Kama lalamiko lako linakuja kila baada ya miezi mitatu, basi kuhuisha kwa chenyewe kumekwama huko kwenye seva, programu yako haina kosa.

Dodoma Kwetu

Naongezea kwenye cheti. Zahanati moja, cheti kizima, jina sahihi, na bado Thunderbird inasema hakijaanza kutumika. Tazama saa pembeni chini: kompyuta inaamini tuko mwaka 2010. Betri ya ubao mama, ile bapa ya CR2032, imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Betri mpya, saa ikarekebishwa, barua zikaingia zote.

Binti Chumbageni

Samahanini kaka zangu na dada zangu, mimi nina swali. Natumia Thunderbird kazini, barua ya domeni yetu. Napokea vizuri, kutuma hakuna. Inazunguka mpaka inasema imeshindwa kuunganisha na seva ya kutuma. Aliyeiweka ameshaacha kazi. Nikiwa kwa dada yangu, kwenye mtandao wake, ni vilevile.

Nahodha wa Mtandao

Shikamoo wakubwa wote mliotangulia. Dada Binti, fungua mipangilio ya seva ya kutuma uniambie porti ni ipi. Nakisia ni 25.

Binti Chumbageni

Ndiyo, 25. Ulinzi imeandikwa "hakuna".

Nahodha wa Mtandao

Basi shida iko hapo. Watu wengi husahau kwamba kupokea na kutuma ni vitu viwili tofauti. Kupokea ni IMAP au POP, kutuma ni SMTP, na kila kimoja kina seva yake, porti yake na uthibitisho wake. Kimoja kinaweza kufa na kingine kikawa kizima.

Porti 25 ni ya tangu SMTP ya mwaka 1982, na leo kazi yake ni seva kuongea na seva. Watoa intaneti wengi wanaifunga kwa wateja wa kawaida, kwa sababu kompyuta zenye virusi zilikuwa zinaitumia kumwaga barua taka. Kwa programu ya mezani ilitengwa 587 mwaka 1998. Ile 465 iliwahi kuondolewa kwenye orodha rasmi, watu wakaendelea kuitumia, na mwaka 2018 waraka wa viwango RFC 8314 ukairudisha na kuipendekeza.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapokwama: porti na aina ya ulinzi vinakwenda wawili wawili. Kwenye 465 chagua SSL/TLS, maana mazungumzo yanafungwa tangu neno la kwanza. Kwenye 587 chagua STARTTLS: yanaanza wazi, kisha yanafungwa kabla hujatoa nenosiri. Ukivichanganya, programu na seva zinangojeana mpaka muda unaisha, na ujumbe unaopata haukusaidii kitu, unakwambia tu imeshindwa kuunganisha. Kupokea ni hivyohivyo: IMAP 993 na POP 995 kwa SSL/TLS, 143 na 110 kwa STARTTLS.

Weka 465, SSL/TLS, na kwenye uthibitisho chagua nenosiri la kawaida, jina ni anwani nzima. Usiache sehemu ya uthibitisho ikisema "hakuna", maana seva itakataa kukutumia barua za nje ya domeni yenu.

Binti Chumbageni

Imekubali! Zile tatu zilizokuwa zimekwama kwenye kikasha cha kutoka zimeondoka zote. Mungu akubariki kaka.

Mswahili wa Maskati

Nawasalimu kutoka Oman. Huku ofisini tuko Microsoft 365, na somo letu lilikuwa kwenye mashine ya kuskani, si kwenye kompyuta.

Microsoft walianza kuzima kuingia kwa nenosiri tupu kwenye Exchange Online (seva yao ya barua ya Microsoft 365) Oktoba 2022, kwa POP, IMAP na njia nyengine za kupokea. Matoleo ya karibuni ya Outlook hayakuathirika. Outlook 2010 zilikufa pale pale na hazina dawa, hazikuwahi kuijua njia mpya. Thunderbird tuliiokoa kwa kubadilisha uthibitisho kuwa OAuth2: outlook.office365.com porti 993, smtp.office365.com porti 587 na STARTTLS.

Lakini ile mashine kubwa ya kutoa nakala, ambayo karani anaskani mkataba na kuutuma kwa barua pepe moja kwa moja, programu yake ya ndani ilikuwa inajua TLS 1.0 tu, toleo la zamani la ule ulinzi wa njiani. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi mwaka 2021 kuwa hayafai tena, na Microsoft wanataka 1.2 kwenda juu. Hapo hata ukiandika porti sahihi na nenosiri sahihi, mlango haufunguki. Tulitafuta sasisho la mashine kwa mtengenezaji, halikuwepo. Mwisho tukaipanga iweke skani kwenye folda la pamoja la ofisi, karani anazichukua pale na kuzituma kwa Outlook. Hatua moja zaidi, lakini hakuna tena mkataba uliopotea njiani. Wenye mashine za zamani, ulizeni toleo la TLS kabla ya kuhangaika na nenosiri.

Wakili Arusha

Nafuatilia kwa makini. Swali langu ni la usiri. Windows imeniletea Outlook mpya, ile ya bure, na barua zangu ziko kwenye hosting ya kawaida kwa IMAP. Je, programu hii inaongea na seva yangu moja kwa moja?

Fundi wa Nyegezi

Hapana, mheshimiwa, na ni vizuri umeuliza. Outlook mpya ukiweka akaunti ya IMAP ya nje, barua zinapitishwa kwenye wingu la Microsoft, na seva za Microsoft ndizo zinazoingia kwenye sanduku lako kwa niaba yako. Wenyewe wanakuomba ukubali jambo hilo unapoongeza akaunti, ila ni dirisha ambalo watu hubonyeza bila kusoma. Outlook ya zamani na Thunderbird zinakwenda moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye seva.

Kwa ofisi ya sheria mimi ningeweka Thunderbird, IMAP 993 kwa SSL/TLS na kutuma 465. Kisha, kama ulishaongeza akaunti kwenye Outlook mpya, badilisha nenosiri la sanduku, kwa kuwa la sasa limeshakabidhiwa kwingine. Folda la barua zilizotumwa lihakikishe linaelekezwa kwenye lile la seva, la sivyo ulichotuma ukiwa ofisini hutakiona kwenye simu ukiwa mahakamani.

Kwenye simu Thunderbird ya Android ilitoka Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua ya Android iliyokuwepo kabla. Mwenye kuitumia na sanduku la cPanel atuambie kama barua zinaingia papo hapo au hadi uifungue, na betri inakaaje.