Naomba ushauri: picha zinametameta nikizipa mwendo kwenye video

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Mbeya, naediti video za shughuli. Sasa kuna familia moja ya Tukuyu wanataka video ya kumbukumbu ya bibi yao, ni picha tupu kama 30 hivi, mimi nazisogeza taratibu na kuvuta karibu kidogo kidogo. Shida kila penye mistari midogo midogo panacheza, bati la nyumba, kitenge cha bibi, hata migomba ya nyuma, panametameta kama maji juani. Picha ikisimama iko safi kabisa, ikianza kutembea tu ndo balaa, na mwendo ukiwa wa polepole sana inatetemeka.

Picha ni pikseli 6000 kwa 4000, projekti ni 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Nimepandisha bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) wakati wa kutoa video, wapi, iko vilevile. Nikapunguza picha moja mpaka 2880 kwa 1920 kabla ya kuiingiza, bati likatulia kweli ila nikivuta mpaka usoni bibi anakosa ukali, na huo uso ndo wajukuu wanataka kuuona jamani. Kuweka ukungu kidogo nako kunasaidia ila maua ya kitenge yanapotea.

Naomba kujua, mnapunguza picha mpaka ukubwa gani ili ibaki na nafasi ya kuvuta usoni? Na huo mtetemo, niongeze kasi ya mwendo au nihamie fremu 50? Arobaini ni Jumamosi hii.