Tupeane uzoefu: ukiwa mazoezini hasira zinakupanda hovyo?

PadriWaSkwati:
Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mimi ni mtu mpole, ofisini wananiita Padri na sijawahi kugombana na mtu. Lakini nikishaingia jimu, ikifika seti ya tatu ya skwati, nakuwa kiumbe kingine. Juzi kuna jamaa kakalia benchi. Anapiga seti moja, anashika simu, anajipiga picha ya mkono, anaifuta, anapiga nyingine. Taulo lake kalitandika benchi la pili eti anamshikia mwenzake. Nimesimama pale na dumbeli mkononi, masikio yanawaka, nawaza ile simu itapita dirisha lipi. Sikusema neno. Nimemaliza, nimeoga, nusu saa baadaye tuko naye nje tunabishana Simba na Yanga, roho nyeupe kabisa.

Ni mimi tu au tupo wengi? Na mliopata dawa, ni ipi? Karibuni.

MbioZaKawe:
Hauko peke yako mkuu. Mimi ni barabarani. Nakimbia alfajiri kutoka Kawe kwenda Mwenge, na honi ya bodaboda nyuma yangu naisikia kama tusi la mama. Kuna siku daladala ilinibana pembeni nikaipiga bodi kwa kiganja. Konda kachungulia, wala hajakasirika: "Kaka, unakimbia bure hata hulipwi, hasira za nini?" Abiria wote wakacheka. Nikapandisha zaidi!

MamaWatatu:
Kaka Padri, unakula nini kabla ya kwenda?

Nauliza kwa sababu nilipokuwa napambana na kitambi nilikuwa naamka nafanya mazoezi tumbo tupu, chai narudi kunywa saa nne. Watoto wangu walishajua ratiba. Binti mkubwa alikuwa haombi hela ya shule mpaka aulize kwanza, "Mama, umeshakula?" Sukari ikishuka mwilini, mwili unamwaga adrenalini na kotisoli ili kuipandisha, na hizo ndizo homoni za kupigana au kukimbia. Sasa unategemea uwe mpole vipi? Siku hizi nakula ndizi mbivu mbili au uji nusu kikombe kabla. Hela ya shule inaombwa saa yoyote.

MsomiWaMabibo:
Hili limefanyiwa utafiti zamani sana. Mwaka 1972 Dolf Zillmann na wenzake, Marekani, waliwachokoza watu, kisha baadhi wakawapandisha baiskeli ya mazoezi na wengine wakawapa kazi ya kukaa tu. Baadaye wote walipewa nafasi ya kumpiga shoti ya umeme aliyewachokoza. Waliotoka kwenye baiskeli walipiga shoti kali zaidi. Ambao hawakuchokozwa, baiskeli haikuwabadilisha sana.

Maana yake, moyo unadunda kwa sababu ya mazoezi, lakini akili inambambikia mtu aliye mbele yako. Jamaa wa benchi alikukera kweli, ila kero ya shilingi kumi umeisikia ya elfu.

Na wale wa "nakwenda kukimbia nipoze hasira", pole yenu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichambua tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000. Vinavyotuliza mwili, kama kuvuta pumzi taratibu, kutafakari na yoga, vilipunguza hasira. Vinavyochemsha mwili, kwa ujumla havikusaidia, na kukimbia ndiko kulikoelekea kuiongeza. Michezo ya mpira ilionekana kupunguza.

BekiTatu:
Mpira unapunguza hasira? Hao hawajacheza ndondo. Zidane mwenyewe, fainali ya Kombe la Dunia 2006, dakika ya 110, mechi ya mwisho ya maisha yake, alimpiga Materazzi kichwa cha kifua. Ulitaka apungue vipi tena?

DadaWaUpanga:
Mimi nitawaharibia mada kidogo. Hasira zangu jimu hazitokani na sukari wala homoni. Zinatokana na wanaume. Umevaa spika za masikioni, unahesabu, anakuja mtu ambaye hujamwita, anakugusa bega: "Sister, hapo mgongo umekaa vibaya." Yeye mwenyewe anabeba kwa kurusha! Ukimjibu, unaambiwa una kisirani, au uko kwenye siku zako. Kuna hasira zina sababu, jamani, msizitibu zote kwa ndizi. Mimi dawa yangu ilikuwa kuhamia saa za asubuhi ambapo tuko wanawake wengi, na kumwambia mwenye jimu kinachoendelea.

MbioZaKawe:
Dada, nimeipokea. Hiyo ya kugusa bega hata mimi ningewaka.

ChumaChakavu:
Napingana na wote hapa. Hasira ni mtaji. Kabla sijanyanyua mzigo mzito namkumbuka baba mwenye nyumba wangu wa zamani na deposti aliyonidhulumu. Chuma kinapanda chenyewe. Mkitaka utulivu nendeni mkavue samaki.

TabibuWaZamu:
Mkuu Chuma, umri wako na presha yako unavijua? Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi wa wagonjwa 12,461 wa shambulio la kwanza la moyo kutoka nchi 52, unaitwa INTERHEART. Walioeleza kuwa walikuwa na hasira au msongo na wakati huohuo wakatumia nguvu nyingi, ndani ya saa moja kabla, hatari yao ilikuwa kama mara tatu. Sisemi utaanguka kesho. Nasema baba mwenye nyumba asije akala deposti na moyo pia.

ChumaChakavu:
Duh. Haya, presha nitapima.

MwalimuTemeke:
Mimi ni mwalimu wa jimu, acha niseme tunayoyaona huku ndani. Kijana akianza kugombania vyuma, swali langu la kwanza ni "umekunywa nini?" Wengi wanapiga unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi. Geuza kopo usome nyuma: utakuta kafeini miligramu 200, mengine 300, kwa kijiko kimoja. Mtu anaweka viwili, na asubuhi kashakunywa kahawa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe 200 kwa mkupuo, 400 kwa siku. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, halafu anashangaa kwa nini kila mtu anamkera. Kuna makopo mengine yameandika tu "mchanganyiko maalumu" bila kusema kiasi. Hayo mimi siyaruhusu kwangu.

La pili watu hawapendi nilitaje: sindano za kujaza misuli, yaani steroidi. Mwili umejaa ghafla, chunusi mgongo mzima, na kijana aliyekuwa anatania na kila mtu sasa anatafuta ugomvi. Hapo ndizi haiingii. Huyo anahitaji daktari, na anahitaji mtu wa kumwambia bila kumtangaza.

Padri, wewe unakunywa kopo gani?

PadriWaSkwati:
Mwalimu, mimi ni maji tu. Ila chakula cha mchana nakula saa saba, jimu naingia saa moja usiku na hapo katikati hakuna kitu. Mama Watatu naona kanigusa. Kesho nabeba karanga na ndizi.

WaMaskati:
Salamu kutoka Oman. Huku kiangazi tunatembea ufukweni baada ya Isha na bado joto linakukaba. Mwenzangu asipokunywa maji ya kutosha, ukimsemesha anakujibu kwa neno moja. Nimeacha kumsemesha, nampa chupa.

GomaLaMoshi:
Kwa wanaojiandaa na mbio ndefu, angalieni pia mapumziko. Nilikuwa najiandaa na Kilimanjaro Marathon, nikaongeza kilomita kila wiki. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, asubuhi mapigo yako juu kabla hata sijatoka kitandani, na mke akisema "habari za asubuhi" nasikia kama ananishutumu. Kocha akaninyang'anya viatu, kweli kabisa, akavifungia kwake wiki nzima. Nilimchukia. Wiki iliyofuata nikakimbia vizuri kuliko mwezi wote.

BabuSukari:
Vijana, mimi ni mtu mzima na natumia insulini. Nacheza tenisi. Bibi yenu anasema nikitoka uwanjani nagomba na kila mtu, nikishakula sikumbuki hata nilichosema. Hiyo nayo ni ya hapa?

TabibuWaZamu:
Shikamoo mzee. Hiyo ni ya hapa, na ni ya kwanza kushughulikiwa. Hasira ya ghafla na kutokumbuka ni dalili za sukari kushuka. Pima kabla ya kucheza, na pima palepale uwanjani ukianza kuwaka. Ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), chukua kitu chenye gramu 15 za sukari, kama nusu kikombe cha juisi au soda, subiri dakika 15, pima tena. Halafu kamweleze daktari wako, huenda kipimo cha dawa siku za tenisi kibadilishwe. Usikibadilishe mwenyewe. Na unayecheza naye ajue.

BabuSukari:
Marahaba. Kipimo ninacho, leo naenda nacho. Hiyo soda, nilizonazo nyumbani ni zile za zero. Zinafaa?

TabibuWaZamu:
Hapana mzee. Zero haina sukari, haitakusaidia kitu. Beba ya kawaida.