Kifafa cha utotoni kimemrudia mke wangu? Naomba ushauri

Baba Mishi, Kisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mke wangu alikuwa na kifafa utotoni. Mamake aniambia alimeza dawa mpaka darasa la tano, kikatulia, akaachishwa. Sasa ana miaka 29. Juzi alfajiri nimemkuta amekakamaa kitandani, macho juu, kisha akatetemeka mwili mzima. Jirani kaja mbio na kijiko ataka kumtia menoni, nikamzuia. Alipozinduka ulimi umechanika, hakumbuki lolote.

Na si hilo tu. Tangu Ramadhani husita katikati ya maneno, akakodoa macho, vidole vyachezea upindo wa leso, halafu aendelea kama hakuna kitu. Mwenyewe asema ni uchovu. Jioni huuza viazi karai, yuko mbele ya mafuta ya moto! Hospitali hataki, aogopa maneno ya watu. Mamangu naye ataka apelekwe kwa mganga. Nifanyeje?

Muuguzi wa Tudor
Pole sana kaka. Kifafa chaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, na kukosa usingizi au homa huweza kukichokoza. Huko kusita na kuchezea leso pia kwaweza kuwa kifafa. Si kila kifafa huangusha mtu. Lakini hata sukari ikishuka mtu hutetemeka, kwa hiyo apimwe. Nendeni Hospitali Kuu ya Pwani, muulizie daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kipimo cha EEG husoma umeme wa ubongo, ila kikitoka sawa bado hakiondoi kifafa. Maelezo ya aliyeona ndiyo humsaidia daktari zaidi. Akikubali, mrekodi kwa simu.

Kikimshika: mlaze ubavu, legeza mtandio, ondoa vitu vigumu, usimbane, usimtie kitu mdomoni. Tazama saa. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hospitali mbio.

Bi Mwana, Likoni
Ninacho tangu msichana, na kilichoniumiza zaidi ni kuchungwa kama mtoto. Usimfiche mambo ukapanga na mamako pembeni. Kazi asiachishwe ghafla. Atafutiwe wa kukaa kwenye karai, yeye amenye viazi na kupokea pesa mpaka daktari aseme. Choo asifunge komeo. Baharini asiogelee peke yake.

Mama Zuhura
Kama mwatarajia mtoto, mwambieni daktari kabla hajaandika dawa. Valproate, mojawapo ya dawa za kifafa, yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ziko dawa nyingine za kutumia badala yake. Akishaanza dawa asiache mwenyewe hata akijiona mzima.

Abu Salim
Mamako usigombane naye. Kombe la aya za Kurani anywe, dua asomewe, na vidonge ameze.

Baba Mishi, Kisauni
Shukran sana. Nimemsomea yote. La Bi Mwana limemliza, kisha akasema atakwenda, ila aeleze mwenyewe, mimi nijazie asiyoyaona. Swali moja: baada ya kutetemeka alikoroma kwa usingizi mzito. Nimwamshe?

Muuguzi wa Tudor
Mwache alale ubavu, ukae naye ukimtazama pumzi. Maji wala chakula usimpe mpaka aongee sawasawa. Akikawia kurudi katika hali yake, au akipumua kwa shida, mpeleke.