Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda kujitolea vijijini Kigoma wakati wa likizo

mwisho_wa_reli
Wakuu, leo hapa stesheni treni imeshusha kundi la wanafunzi, fulana sare, koleo mpya na spika kubwa kama jeneza. Eti wanaenda kuchimba vyoo vya shule huko ziwani. Nimecheka, maana na mimi nilishapita humo. Mliokwenda, mlikutana na nini?

dagaa_mkavu
Ugali wa muhogo na mawese siku ya kwanza. Choo cha kijiji nilikizoea kabla hatujachimba cha kwetu.

binti_ujiji
😂😂 Watoto wa Dar bwana.

kiberenge
Umenikumbusha mbali mkuu. Likizo ya Desemba, tumepangiwa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe. Tukapandia boti Kibirizi. Boti ya mbao, juu kreti za soda, magodoro, magunia ya unga na mbuzi wa watu, chini simenti yetu tuliyoichangisha kwa jasho. Jaketi okozi lilikuwepo moja, nahodha kalikalia.

Jioni wingu likashuka kutoka milimani, mara upepo. Mawimbi ya Tanganyika usisimuliwe. Maji yanaingia, vijana wanayachota kwa madumu yaliyokatwa na kuyamwaga nje, injini inakohoa. Nahodha akasema neno moja tu: "Punguzeni."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Sisi tunatazama unga, wenye unga wanatazama simenti. Kiongozi wetu akasimama kuhutubia, kwamba simenti ni ya maendeleo ya kijiji. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akamjibu bila hata kupandisha sauti: "Mwanangu, kijiji si ndiyo sisi humu?" Ikaanza kutupwa, mfuko mmoja baada ya mwingine. Uliopasuka uliacha utando wa kijivu juu ya maji. Unga haukuguswa.

Tumefika usiku. Mwenyekiti wa kijiji katupokea na tochi, wazee nyuma yake, fundi keshapanga mawe. Swali la kwanza: "Simenti iko wapi?" Kiongozi wetu akanyoosha kidole ziwani.

fundi_tochi
Chai hii, ongeza sukari. Usiku huo utando wa kijivu uliuona kwa macho gani?

kiberenge
Nimeandika JIONI. Usiku ndiyo tumefika. Soma kwanza kaka.

binti_ujiji
Huyo mama apewe udiwani.

kusini_ziwani
Mnajisifu tu humu. Mimi nimezaliwa kijiji cha ziwani. Darasa letu la tano kila kundi likija linapaka rangi. Bluu, wakaja wengine njano, wakaja wengine bluu tena. Paa linavuja palepale. Mwalimu mkuu aliwaacha wapake kwa sababu wakiondoka wanaacha mipira.

mwl_wa_zamu
Si wote mkuu. Sisi tulifundisha hisabati usiku kwa taa ya sola. Giza likiwa nene, wavulana wakubwa huwaoni, wako na dagaa na taa zao huko majini. Mbalamwezi ikiwaka ndiyo darasa linafurika, maana dagaa hawavuliki, mitumbwi imepandishwa mchangani. Ratiba tuliyotoka nayo chuoni tukaichana, tukafundisha kwa kufuata mwezi.

fundi_tochi
Kwa hiyo watoto kukesha ziwani unasifia?

mwl_wa_zamu
Nimesifia wapi? Wewe nenda kawatoe majini uone nani atakulisha jioni.

dagaa_mkavu
Mimi nilirudi tena Juni 2024, nikakuta uvuvi umefungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti. Nilitoka na ndoto za migebuka, nikala maharage mpaka nikasahau samaki anafananaje.

kasulu_baridi
😂 Ungekuja kwetu Kasulu, maharage ungeyala kwa heshima.

binti_ujiji
Kiberenge, vyoo viliisha?

kiberenge
Shimo tulichimba, kuta za tofali za udongo tukapandisha. Sakafu tukaiacha. Kila fundi akipita anatuuliza ziwa limekauka lini tuifuate simenti yetu.

kasulu_baridi
Ushauri kwa hao wa leo: chandarua, viatu vya kufunga, na wabebe chumvi na sabuni za kuwaachia wenyeji.

kusini_ziwani
Chumvi? Uvinza iko mkoa huuhuu, mnatuletea chumvi ya wapi?

mwl_wa_zamu
Waende asubuhi na mapema kabla ziwa halijachafuka. Na wasioge ufukweni, kuna kichocho.

kusini_ziwani
Tumeoga humo tangu utoto na tupo.

mwl_wa_zamu
Kuwepo si kupima. Nenda zahanati kaka.

dagaa_mkavu
Akienda ale kwanza ashibe. Zile dawa nilizimeza na njaa, kizunguzungu kikanishusha kwenye bodaboda.