Mjadala: Je, tasnifu ya heshima katika sayansi za jamii iendelee kumdai mwanafunzi data mpya?

Mwanzisha mada

Ninaleta hoja hii mbele ya wanafunzi, wasimamizi na watahini. Tasnifu ya heshima, yaani kazi ya utafiti anayoiandika mwanafunzi mwishoni mwa shahada ya kwanza ili ahitimu kwa heshima za kitaaluma, haina sura moja kila mahali. Nchini Australia kwa kawaida ni kazi ya mwaka wa nne unaofuata shahada ya miaka mitatu. Afrika Kusini imo ndani ya shahada inayojitegemea yenye krediti zisizopungua 120, ambazo angalau 30 ni za utafiti. Na katika vyuo vingi vya Uingereza ni sehemu tu ya mwaka wa mwisho, mara nyingi kwa maneno yapatayo 10,000. Tofauti hizo hazijazuia dai moja kuenea katika idara nyingi, nalo ni kwamba mwanafunzi aonyeshe mchango mpya, na kwamba njia ya heshima ya kuuonyesha ni kwenda kukusanya data zake mwenyewe. Msimamo wangu ni kwamba tasnifu ibaki, lakini shinikizo hilo liondolewe.

Sababu ya kwanza ni muda. Kabla hajamhoji mtu yeyote, mwanafunzi anapaswa kupata mada, kuandika pendekezo la utafiti, kusubiri idhini ya kamati ya maadili, kuirekebisha hojaji ambayo kamati imeirudisha, kisha kuwatafuta watu walio tayari kuzungumza naye. Saa moja ya mahojiano yaliyorekodiwa huweza kula saa nne au zaidi za kuyaandika neno kwa neno. Uchambuzi, ambao ndio kiini cha kazi yote, unaachiwa majuma ya mwisho, wakati ambapo msimamizi naye amezongwa na rasimu za wengine. Matokeo yake tunayajua: hojaji inasambazwa kwa simu miongoni mwa marafiki wa rika moja na kozi moja, majibu machache yanarudi, na sura ya tano inatangaza jambo kuhusu "vijana" kwa ujumla. Hapo mwanafunzi amefunzwa ustahimilivu, sikatai, ila kuhusu uhusiano wa sampuli na hitimisho amefunzwa kinyume cha inavyotakiwa.

Wakati huohuo kuna hazina kubwa ambayo haijachimbwa vya kutosha. Utafiti wa Maadili Duniani ulianza mwaka 1981, tafiti za demografia na afya za kimataifa zilianza mwaka 1984, na Afrobarometer imekuwa ikiwahoji wananchi wa nchi mbalimbali za Afrika tangu 1999, kwa sampuli za watu 1,200 au 2,400 katika kila nchi. Data zake zinapatikana bila malipo, pamoja na hojaji zilizotumika. Wanaodhani kuwa kuchambua data zilizopo ni nusu ya utafiti wamkumbuke Émile Durkheim, ambaye utafiti wake wa mwaka 1897 kuhusu kujiua, unaohesabiwa miongoni mwa misingi ya sosholojia, ulijengwa juu ya takwimu rasmi zilizokusanywa na wengine. Upya wake ulikuwa katika swali aliloliuliza.

Mchangiaji wa kwanza, msimamizi wa tasnifu

Ndugu mwanzisha mada, nashukuru kwa hoja iliyopangwa vizuri, lakini mfano wa Durkheim unakuumiza wewe mwenyewe. Mwaka 1967 mwanasosholojia Jack Douglas alionyesha kwamba takwimu rasmi za kujiua hubeba ndani yake maamuzi ya maofisa wanaoamua kifo kipi kiandikwe hivyo na kipi kiandikwe vinginevyo, na kwamba maamuzi hayo huathiriwa na familia, dini na aibu ya jamii husika. Ukiyapuuza hayo, unaweza kudhani umepata sheria ya jamii kumbe umepata desturi ya ofisi za kuandikisha vifo. Mwanafunzi atajifunza wapi kulitilia shaka jedwali, ikiwa hajawahi hata mara moja kumwona mhojiwa akisita, akicheka pasipostahili kicheko, au akichagua jibu la "sijui" kwa sababu mwenyeji wake amesimama mlangoni? Mimi huwapa alama za juu wanafunzi waliohoji watu wanane kwa makini kuliko waliopakua majibu ya maelfu na kuyapitisha kwenye programu ya takwimu wasiyoielewa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuligusa. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, mapitio ya machapisho na hata uchambuzi wa data zilizo wazi vinaweza kuandikwa na mashine kwa muda mfupi. Kazi ya uwandani ndiyo sehemu iliyobaki ambayo lazima mwanafunzi aifanye kwa miguu yake.

Mchangiaji wa pili, mwanafunzi

Naomba niongeze kwa ufupi. Anayefanya kazi ya kujikimu jioni hana uwandani wa kwenda, na huishia kuwahoji wafanyakazi wenzake. Hata hivyo, wengi wetu tulifundishwa takwimu kwa muhula mmoja tu, miaka miwili kabla ya tasnifu. Data kuwa za bure hakunisaidii iwapo sijui namna ya kuipa kila wilaya uzito wake katika sampuli. Sharti likiondolewa bila somo hilo kurudishwa, tutakuwa tumehamishiwa shida nyingine.

Mwanzisha mada

Ndugu mwanafunzi, umesema kweli, nami naliunganisha sharti lako na langu: somo la takwimu lisogezwe karibu na tasnifu.

Kwako mwalimu, hoja ya Douglas naikubali kwa uzito wake wote, ila naona haifiki unakotaka kuifikisha. Douglas alizitilia shaka takwimu kwa kuuliza zilivyotengenezwa, na swali hilo huulizwa pia kwa kusoma hojaji yenyewe: swali liliulizwa kwa lugha gani, mhojaji alikuwa nani, ni wangapi walikataa kujibu. Hii ni kazi ngumu na wanafunzi wachache sana huifanya, kwa sababu haina picha za uwandani. Kuhusu mashine, mahojiano nayo hubuniwa, na ni rahisi zaidi kubuni mhojiwa asiye na jina kuliko kubuni data ambayo mtahini anaweza kuipakua na kuirudia. Kinga ninayoiamini ni utetezi kwa mdomo. Chuo cha Swarthmore cha Marekani kilianzisha mfumo wake wa heshima mwaka 1922 kwa kutumia watahini kutoka nje ya chuo, na mwanafunzi huhojiwa nao ana kwa ana.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni la maadili, na nashangaa kwamba katika mjadala huu hutajwa kama urasimu tu. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyotolewa Marekani kuhusu kuwalinda watu wanaohusishwa katika utafiti na ambayo misingi yake bado inaongoza kamati nyingi za maadili, inataka madhara yanayoweza kumpata mhusika yapimwe dhidi ya manufaa yanayotarajiwa. Sasa mwanafunzi wa miaka 21 anataka kuwahoji walionusurika na ukatili majumbani, kwa kazi ambayo huenda ikasomwa na msimamizi na mtahini mmoja, kisha ihifadhiwe kabatini. Mhojiwa amefungua kidonda kwa manufaa ya nani? Hata mada nyepesi zaidi hutumia muda wa watu ambao hawatapelekewa matokeo. Mtafiti mzoefu huweza kujibu swali hilo kwa machapisho yake na kwa uhusiano wake wa miaka na jamii anayoichunguza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa kawaida, hana cha kujibu isipokuwa kwamba alihitaji kuhitimu.

Kwa hiyo, kama ni lazima mwanafunzi amwone mhojiwa akisita, na nakubali kwamba ana faida kubwa akimwona, achukue swali moja kutoka katika utafiti uliopo, kwa mfano lile la kiasi gani wananchi wanaliamini bunge, awaombe watu wazima wachache waliokubali kwa hiari waeleze walivyolielewa, kisha arudi kwenye data kubwa akiwa na shaka aliyoipata mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza, msimamizi wa tasnifu

Hilo la mwisho ningelisimamia kwa furaha, na ningependa kuliona katika pendekezo la mwanafunzi wangu wa mwaka ujao. Kikwazo ni mwongozo wa kusahihishia. Katika idara ninayoijua mimi, alama za sura ya mbinu zinatolewa kwa "ukusanyaji wa data" kama kipengele kinachojitegemea, na mtahini wa nje hulazimika kukijaza. Anayetumia data zilizopo hupunguziwa alama hapo kabla uchambuzi wake haujasomwa. Ndugu, kabla hatujaendelea kubishana juu ya Durkheim, ni nani atakayekipeleka kipengele hicho kwenye kikao cha idara, na kwa maneno gani?