Tupeane uzoefu: nani kachezea springi za majani gari ikanyumbuka kweli, yaani kila tairi ifuate ardhi?

Wakuu habari za jioni. Nina pikapu Landcruiser 79, mbele koili nyuma majani (vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), na njia yangu ni Muheza kupanda Amani. Mvua zikianza ile njia ni mifereji mitupu, tairi moja la nyuma linabaki hewani linazunguka bure, mimi nimekwama. Nikaambiwa toa majani mawili, nikatoa. Wiki ya kwanza raha tupu, tairi zote zinashika chini. Jumatatu nimepakia machungwa, mkia chini taa zinamulika minazi, naondoka na gia ya kwanza kwenye mlima nasikia gu gu gu! Kumbe springi zinajikunja kama herufi S, difu, lile bumba la gia katikati ya ekseli, inainua pua, propela inayoizungusha inapiga kelele. Majani nimerudisha. Aliyepatia alifanyaje?

Wa Pangani: Pole kaka. Mimi sikutoa jani, nilichongesha shakeli ndefu, vile vibamba vinavyoshika mkia wa springi, ili ekseli ishuke zaidi. Ikashuka kweli ila hozi ya breki ilikuwa ileile. Navuka korongo tairi la kushoto linaning'inia, nakanyaga breki pedali inazama mpaka chini, kushuka naona hozi imekatika kwenye nati mafuta yanachuruzika juu ya difu. Bahati nilikuwa mwendo wa kinyonga. Kabla hujatoka gereji piga jeki kwenye chasisi tairi zining'inie, angalia hozi na shokapu. Shokapu fupi nayo itakatika jicho.

Fundi wa Mikanjuni: Yakhe mnakimbilia kupunguza kabla hamjafungua. Huku pwani chumvi haina huruma. Juzi nimeshusha springi za Hilux, majani yameshikana kwa kutu mpaka nimeyatenganisha na patasi, ile sio springi tena, ni ubao. Nikapiga brashi ya waya, grisi ya grafaiti kati ya jani na jani, bushi mpya, na zile klipu za pembeni zinazobana majani pamoja nikazilegeza kidogo tu. Sio kuzitoa! Ukizitoa, ekseli ikining'inia majani yanaachana, jani la juu linabaki peke yake na ndilo litakalokatika. Yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli weka mpya, za zamani zimeshavutika, halafu ukitembea kilomita mia kadhaa rudi tukaze. Zikilegea, senta bolti inayopita katikati ya majani inakatika, ekseli inasogea, gari inatembea upande kama kaa. Mwenye Hilux kaja kuniuliza nimemwekea springi gani, nikamwambia zako.

Wa Lushoto: Mimi nina Landrover 109 ya mzee, nimefunga springi za parabola. Majani machache, manene katikati membamba kwenye ncha, yanagusana katikati na mwishoni tu kwa hiyo hayasuguani. Njia ya Mtae inanyumbuka mpaka raha. Ila msuguano ule ndio ulikuwa unaisaidia shokapu, sasa ukibaki na shokapu chovu gari inaruka kama mbuzi. Na uwe na hela, sio bei ya chuma chakavu.

Mwenye uzi: Fundi nimefungua leo. Kutu inadondoka kama ugoro, na jani la tatu lina ufa wa unywele palepale kwenye senta bolti. Natafuta jani la 79, mwenye nalo aje PM.